Hita ya MGB Inasingiziwa

Wenye magari ya zamani nchini Uingereza wana mzaha kuhusu gari la michezo la MGB. Kiwandani Abingdon, wanasema, kitu cha kwanza kuletwa kilikuwa hita, halafu gari likajengwa kuizunguka. Anayeusimulia mzaha huo mara nyingi amekwisha kuchubuka vidole akijaribu kuitoa hita yenyewe. Ungebaki mzaha, usingemdhuru mtu. Umekua ukawa ushauri, na sasa unatolewa kwa uso mkavu kabisa: hita ya gari la michezo la kale haipashi joto, inavuja, inaongeza uzito, na kuitoa ni mateso, kwa hiyo ing'oe mara moja, ziba tundu, unganisha mipira ya maji, usiirudishe tena. Huku Afrika Mashariki ushauri huo unapata nguvu ya jua: nchi ya joto hii, hita ya nini?

Nusu ya ushauri huo ni sahihi, na ndiyo maana umedumu. Hita ya MGB iliyokaa mahali pake kwa miaka 50 inapaswa kutolewa, hata kama inaonekana kufanya kazi. Kosa liko katika nusu ya pili, ya kutoirudisha. Anayeing'oa moja kwa moja anajinyima njia ya kukausha kioo, anaacha tundu kati ya injini na abiria, na mara nyingi anaanza kuvuruga mfumo wa kupoza injini. Yote hayo kwa sababu ya lawama ambazo, zikichunguzwa moja moja, hazimfiki mtuhumiwa.

Tuanze na kifaa chenyewe. MGB iliundwa kuanzia 1962 hadi 1980, na zaidi ya magari 500,000 yalitoka. Syd Enever alikuwa mhandisi mkuu, na bodi ilichorwa na Don Hayter. Hita ni sanduku la bati lililo chini ya boneti, nyuma ya injini, limeketi juu ya rafu ya ukuta unaotenganisha injini na abiria. Ndani ya sanduku mna rejeta ndogo. Maji ya moto hutoka nyuma ya silinda hedi kupitia valvu inayovutwa kwa kebo kutoka dashibodi, huzunguka ndani ya rejeta hiyo, kisha hurudi upande wa pampu ya maji. Hewa huingia kwenye wavu ulio mbele ya kioo, ikisukumwa na mwendo wa gari au na feni ya umeme, ikapita kwenye rejeta ndogo na kugawanywa: sehemu huenda miguuni, sehemu hupanda kwa mipira miwili hadi kwenye kioo cha mbele. Mfumo wote ndio huo, na fundi yeyote anayeijua rejeta ya kawaida anaweza kuuelewa kwa kuutazama mara moja.

Wanaoibeza hita hupenda kukumbusha kwamba MGB za mwanzo ziliuzwa bila hiyo. Mnunuzi aliyeitaka alilipia kando. Wanachosema ni kweli. Ila orodha ya bei ya miaka ile haiwezi kuwa kipimo cha umuhimu wa kitu, kwa kuwa viwanda vya Uingereza viliuza vifaa vingi kando ili bei ya kwenye tangazo ionekane ndogo. Kipimo bora ni sheria. Soko kubwa la MGB lilikuwa Marekani, na huko, kuanzia Januari 1, 1968, kanuni ya usalama nambari 103 ililazimisha magari ya abiria yawe na mfumo wa kuondoa barafu na ukungu kwenye kioo cha mbele. Kanuni inayoifuata, nambari 104, inahusu waipa. Zimewekwa jirani, na zinatumikia jambo moja, dereva aone anakokwenda. Uingereza nako, mwongozo rasmi wa barabarani unamtaka dereva ahakikishe vioo vimekauka ukungu kabla hajaondoka. Kwa mtazamo huo hita iko kundi moja na waipa na taa, wala si na redio na kiwashio cha sigara.

Kuna pia wale wanaosema kuwa dereva wa kweli wa gari la michezo hahitaji kudekezwa. Hao wakumbushwe mashindano ya magari ya Monte Carlo. Mwaka 1964 ndugu wawili, Don na Erle Morley, waliipeleka MGB kwenye mashindano hayo ya Januari, kwenye theluji na barafu ya milima ya Alps, wakashinda kundi la magari ya GT. Ushindi wa namna hiyo unataka dereva aone kona usiku kucha, na kioo kilichoganda au kujaa ukungu hakijali ujasiri wa anayekitazama.

Tuje kwenye hoja ya jua, kwa kuwa ndiyo inayotugusa. Anayetoa hoja hiyo anadhani kazi ya hita ni kupasha miguu joto. Kazi yake kubwa ni kukausha hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 10 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na ushei za mvuke. Ikifika nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi. Kwa hiyo hewa ya asubuhi ya ukungu, iliyojaa unyevu hadi ukomo, ikipita kwenye hita na kupanda kutoka nyuzi 10 hadi 30, inafika kwenye kioo ikiwa na chini ya theluthi moja ya unyevu inaoweza kubeba. Hewa hiyo ina kiu. Inaunyonya ukungu uliotanda kwenye kioo, na inakipasha kioo chenyewe ili pumzi za waliomo ndani zisigandamane tena juu yake. Feni tupu, isiyo na joto, inapuliza kwenye kioo unyevu uleule uliotoka nje.

Sasa tazama ramani yetu. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara inayoteremka kutoka huko kuelekea Naivasha hufunikwa na ukungu mzito Juni na Julai. Njombe na Makete hupata umande wa baridi unaoganda. Barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu hupita milimani katika moja ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Dereva wa MGB katika barabara hizo ana paa la turubai linalopitisha maji, zulia lililolowa, kioo cha mbele kilicho karibu na pua yake, na hana kiyoyozi cha kumsaidia. Hata Mombasa au Dar es Salaam, mvua ya masika ikipiga, paa likifungwa na madirisha yakipandishwa, kioo kinafifia ndani ya dakika chache. Wengi hutumia kitambaa, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Dakika kadhaa za hewa ya moto kwenye kioo, miguuni pamefungwa, zingewatoa katika hatari hiyo kwa gharama ya jasho kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo hoja ya jua inalisahau. Sanduku la hita ndilo pia mlango wa hewa safi. Valvu ya maji ikifungwa, hewa ya nje hupita sandukuni ikiwa baridi kama ilivyoingia. Kwa mkaaji wa pwani hiyo ni nafuu, hasa paa likiwa limefungwa. Akiling'oa sanduku, rafu inabaki na tundu linalotazama moja kwa moja sehemu ya injini, penye kabureta na manifoldi ya moshi. Tundu hilo likizibwa kwa kipande cha bati kilichokatwa ovyo na gundi ya silikoni, hewa ya boneti itapata njia, ikiwa na joto lake, harufu ya petroli, na pengine kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wako walioitoa hita kwa ajili ya joto wakaishia kupata joto zaidi.

Mbona basi magari mengi yenye hita yanachoma miguu hata ikiwa imefungwa? Mara nyingi ni valvu. Diski au mpira wa ndani umechakaa, au kebo imelegea na haifiki mwisho wa safari yake, maji ya moto yakawa yanapita mchana kutwa. Tiba ni kubadilisha valvu, kazi ya spana na bisibisi, au kurekebisha kebo. Angalia pia mipira midogo inayoziba matundu ya nyaya kwenye ukuta wa injini. Ikikatika, joto la injini huingia kwa njia hiyo, na hita hubebeshwa lawama.

Wapo wanaolalamika kinyume chake, kwamba hita haipashi kitu. Hapa ndipo inaposingiziwa zaidi. Bloku na silinda hedi za injini hii ni za chuma cha kusubu, na chuma kikikaa na maji matupu ya bomba, bila dawa ya kuzuia kutu, hutoa tope la kahawia. Tope hilo husafiri na maji na kutulia panapopita maji polepole, yaani sehemu ya nyuma ya bloku na kwenye mirija myembamba ya rejeta ndogo. Baada ya miaka mingi nusu ya mirija imeziba. Ndani ya sanduku, sponji zilizokuwa zikiibana rejeta zimeoza na kuwa unga, hewa ikawa inapita pembeni ya rejeta badala ya katikati yake. Mipira ya kupeleka hewa kwenye kioo imechanika au imechomoka nyuma ya dashibodi, hewa ya moto inapuliza nyaya. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichochorwa na Enever.

Kisha kuna themostati. Kwa injini hii zilitolewa za namna tatu: ya nyuzijoto 82 kwa matumizi ya kawaida, ya 88 kwa nchi za baridi, na ya 74 kwa nchi za joto. Katika gereji zetu nyingi hakuna hata moja: fundi huitoa na kuitupa, kwa imani kwamba inazuia maji na kuchemsha gari. Injini ikikosa themostati huchelewa kufika joto lake, na katika safari ndefu ya milimani huenda isilifike kabisa. Mafuta hubaki na unyevu, kabureta hutaka choki kwa muda mrefu, na hita hupuliza hewa ya vuguvugu. Mwenye gari huilaumu hita. Angerudisha themostati, angekuta amepata vitu vitatu kwa bei ya kimoja.

Lawama ya kuvuja inajibika kwa urahisi. Kila mpira wa maji unazeeka, ukiwemo ule mkubwa wa rejeta ya mbele, na hakuna anayependekeza kung'oa rejeta ya mbele. Rejeta ndogo ya hita ya MGB ni ya shaba, na mafundi rejeta wetu, wale wanaofanya kazi kwa risasi na mtungi wa gesi, ndio hasa wanaoijua. Wataizamisha majini, wataijaza upepo, watapaona panapotoa mapovu na kupaziba siku hiyohiyo. Tunaojivunia mafundi wa aina hii hatuna sababu ya kutupa kifaa wanachokimudu.

Kuhusu uzito, gari lenyewe lina zaidi ya kilo 900. Hita na maji yake ni kilo chache tu, tena ziko katikati ya gari, karibu na injini, mahali ambapo haziathiri sana uendeshaji. Mwenye kutaka wepesi aanze na vikorokoro vya kwenye buti. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Lakini mchukuzi huyo alijua kuwa kinachodondoka njiani ni mali yake.

Wengine hung'oa hita wakijitetea kwamba kuna vipuliza joto vidogo vya umeme vinavyochomekwa kwenye kiwashio cha sigara. Hesabu inawakataa. Kifaa cha wati 150 kwenye mfumo wa volti 12 kinavuta ampea zipatazo 12 na nusu. Dainamo ya Lucas ya MGB za mwanzo inatoa ampea 22. Zaidi ya nusu ya umeme wote inakwenda kwenye kifaa kimoja, usiku, mvua ikinyesha, taa na waipa nazo zikidai haki yao. Na kinachopatikana ni wati 150 tu, wakati maji ya injini yana kilowati kadhaa za joto ambalo lingetupwa nje kupitia rejeta. Hita ya maji inatumia joto ambalo petroli yake imekwisha kulipiwa.

Njia ya mkato inayofanyika zaidi ni ya kuunganisha mipira, ule unaotoka kwenye silinda hedi na ule unaorudi kwenye pampu, bila hita katikati. Valvu ikiwa imebaki wazi, au imetolewa pamoja na hita, maji ya moto ya silinda hedi yanapata njia ya kurudi kwenye injini bila kupozwa na chochote. Rejeta ya mbele inanyimwa sehemu ya maji inayopaswa kuyapoza. Kwenye mlima mrefu, na jua la mchana, huko ndiko kuchemsha kunakotafutiwa sababu nyingine. Hita iliyo kamili ingefanya kinyume: sindano ya joto ikipanda, unafungua valvu na feni, na una rejeta ya pili ya kukusaidia kufika mahali pa kusimama.

Hadi hapa nimesema kwa nini hita irudi. Sababu ya kuitoa kwanza ni nzito zaidi, na ajabu ni kwamba wanaoichukia hawaitaji. Hewa inayoingia kwenye wavu ulio mbele ya kioo huingia pamoja na mvua, majani na vumbi. Chini ya wavu kuna chumba cha bati, na maji yake hutoka kwa bomba la mpira linaloelekea chini ya gari. Bomba hilo likizibwa na majani na matope, chumba hugeuka bwawa. Maji hula bati kutoka ndani, kwenye rafu ileile inayobeba hita, kisha huanza kudondokea kwenye zulia. Wenye magari hulaumu mpira wa kioo au paa, wakanunua vyote viwili vipya, na zulia likaendelea kulowa. MGB haina chasi ya kando, bodi ndiyo inayobeba gari, kwa hiyo kutu ya sehemu hii si suala la urembo. Huwezi kuiona vizuri, kuikwangua wala kuipaka rangi hita ikiwa imekaa juu yake. Hii peke yake inatosha kumfanya mwenye gari aitoe hita ambayo haina ugonjwa wowote.

Inabaki lawama ya mateso. Siikatai yote. Mota ya feni imewekwa mahali ambapo mkono mnene haupiti, na skrubu za nyuma za sanduku zinataka bisibisi fupi na subira ndefu. Mhandisi wa leo angefanya vingine. Hata hivyo mateso mengi yanatokana na mpangilio mbaya wa kazi. Mtu huanza kuvuta sanduku kutoka juu huku kutoka chini bado limeshikwa na mipira ya hewa na kebo za dashibodi. Haliji, analivuta zaidi, linapinda, na hapo anakubaliana na ule mzaha wa Abingdon.

Mpangilio ufaao unaanzia ndani ya gari. Betri ikatwe na maji yamwagwe. Kisha paneli ya katikati itolewe, mipira miwili ya kioo ichomolewe pamoja na vishikio vyake vinavyopenya kwenye rafu, na kebo ya kugawanya hewa ifunguliwe. Baada ya hapo ndipo boneti ihusike. Kuitoa kabisa, watu wawili wakishirikiana, kunaokoa mgongo na rangi. Mipira ya maji iliyoganda ikatwe kwa kisu kwa urefu wake, isizungushwe kwa nguvu, maana mirija ya rejeta ndogo ni laini na risasi yake hupasuka. Nyaya za mota zitiwe alama. Skrubu zikiisha, wembe mwembamba upitishwe chini ya sanduku kukata sponji ya zamani iliyogandamana na rafu, nalo litanyanyuka.

Likiwa mezani, kazi ni ya raha. Mota ijaribiwe kwa betri, rejeta ipelekwe kwa fundi wake, sanduku likwanguliwe na kupakwa rangi, sponji mpya zibandikwe ndani na chini. Bomba la kutolea maji lizibuliwe au libadilishwe, na rafu itibiwe kutu kabla ya kitu chochote kurudi juu yake. Wakati wa kurudisha, usitumie silikoni pale penye sponji; atakayeifungua siku nyingine anaweza kuwa wewe. Kebo zirekebishwe kabla ya dashibodi kufungwa. Maji yajazwe yakiwa na dawa ya kuzuia kutu, valvu ya hita ikiwa wazi, ili hewa isibaki imenaswa juu ya mfumo ikakufanya uamini kwamba hita mpya nayo ni mbovu.

Nakubali kuna magari yasiyostahili taabu hii. Gari la mashindano ya mzunguko, lisilo na paa na linalobebwa kwa trela, linaweza kuishi bila hita, mradi tundu lizibwe kwa bati lililokatwa vizuri na mpira wa kuzuia moto, na njia ya maji ifungwe kwenye silinda hedi yenyewe. Gari la barabarani halimo katika kundi hilo, liwe Oxford, Muscat au Nakuru.

Kwa anayenunua MGB leo, ninachopendekeza ni hiki. Fungua boneti na tazama nyuma ya injini. Ukikuta bati tupu mahali pa hita, usikubali kuambiwa kuwa gari limeboreshwa. Uliza sanduku lake liko wapi, angalia tundu limezibwa kwa kitu gani, gusa zulia chini ya dashibodi kama lina unyevu, kisha punguza kwenye bei gharama ya kutafuta hita nyingine na ya kutibu rafu. Ukiikuta hita ipo, na muuzaji akajisifu kwamba haijawahi kutolewa tangu kiwandani, punguza bei vilevile: chumba cha hewa kilicho chini ya wavu hakijaonwa na mtu tangu siku hiyo.